Kutoka Ngome Kongwe hadi Kaole kwa Miguu

Wageni wengi huiona Bagamoyo kupitia dirisha la basi. Wanatoka Dar es Salaam asubuhi, wanapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, wanashuka mahali wakapiga picha, wanapanda tena, wanashuka kwingine, na saa tisa alasiri wamo njiani kurudi. Mji wameuona, lakini haujawaingia. Bagamoyo ilijengwa na watu waliotembea, na anayeizunguka akiwa amekaa kitini anakosa jambo lake la kwanza.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kikosi cha skauti wa shule moja ya sekondari ya Dar es Salaam kinakwenda kufanya haiki, yaani safari ya miguu, kuanzia Ngome Kongwe hadi magofu ya Kaole, niliomba niwafuate. Msitegemee njia yenye vibao wala alama za rangi kwenye miti. Ni mitaa ya mji mkongwe, kipande cha ufukwe na barabara ya kwenda kusini, vikiunganishwa na kiongozi anayeujua mji. Ukijumlisha mzunguko wa kaskazini hadi Misheni ya Kikatoliki, ni kama kilomita 10. Kwa kijana mwenye afya hizo ni za kawaida kabisa, mradi asianze mwendo jua likiwa la utosi.

Kiongozi wa kikosi kile, mwalimu wa jiografia mwenye sauti ya kuamrisha na moyo wa kucheka, alikuwa ameipanga njia kwa hila. Inaanzia kwenye jengo la mwaka 1860 na kuishia kwenye msikiti uliosimama karne nyingi kabla yake. Kadiri unavyotembea ndivyo unavyorudi nyuma.

Ngome Kongwe ni jengo jeupe la ghorofa moja, zito, lenye kuta nene na ua katikati. Ndiyo nyumba ya mawe iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki mjini. Ilianza kama nyumba ya tajiri Mwarabu, Abdallah Marhabi. Baadaye Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akaipanua na kuiimarisha. Wajerumani walipokuja wakaitia askari wao. Walipoondoka, serikali zilizofuata zikaendelea kuitumia, na polisi walikuwa humo mpaka 1974. Kila aliyeutawala mji huu aliona ni busara kukaa ndani ya kuta zile, na ukipanda juu ya paa utaelewa kwa nini: bahari yote iko mbele yako, na chombo chochote kinachotoka Unguja kinaonekana mapema.

Pale lipu ilipobanduka unaona ukuta ulivyo ndani. Ni vipande vya matumbawe, vingine bado vina matundu madogo madogo ya wadudu wa baharini waliovijenga, vimeshikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Dari inabebwa na boriti za mikoko. Binti mmoja wa kikosi alisimama katikati ya chumba akanyoosha mikono, akashangaa kuona jinsi ukuta wa huku ulivyo karibu na ukuta wa kule. Mwalimu akamwambia aangalie juu. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na mkoko hautoi boriti ndefu inayoweza kubeba sakafu ya mawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu lakini vyembamba. Yule binti alirudi chumba cha pili kuhakikisha, kisha cha tatu. Nadhani hilo hatalisahau.

Waongozaji wa hapa husimulia kwamba watumwa walifungiwa ndani ya ngome na kupitishwa njia ya chini ya ardhi hadi kwenye majahazi. Vijana huipenda sana hadithi hiyo, na nusu ya kikosi kilianza kugongagonga sakafu kutafuta uwazi. Mimi ile njia ya chini ya ardhi naitilia shaka. Watumwa siwatilii shaka. Biashara hiyo ilikuwa halali kwa sultani mwenyewe mpaka Juni 1873, Barghash alipolazimishwa na Waingereza kutia saini mkataba wa kuipiga marufuku baharini na kulifunga soko la Zanzibar. Hata baada ya hapo, watu waliendelea kuswagwa kwa nchi kavu.

Kutoka ngomeni tulishika Mtaa wa India. Hapa sina mengi, kwa sababu mtaa wenyewe unajieleza: milango ya nakshi, baraza za kukalia, nyumba nyingine zimekarabatiwa na nyingine zimebaki ukuta mmoja wenye mti ulioota dirishani. Lililonisikitisha ni kwamba baadhi ya milango mizuri imekwisha kuondoka, imebaki miimo tu. Boma la Wajerumani, la mwaka 1897, limesimama likiangalia bahari na matao yake. Lilijengwa wakati makao makuu ya utawala wao yalikuwa yamekwisha hamia Dar es Salaam tangu 1891, kwa hiyo ni jengo kubwa la mji ambao tayari ulikuwa umeshushwa cheo. Sababu ya kushushwa ilikuwa maji. Pwani ya Bagamoyo ni ya maji haba. Jahazi hukaa juu ya mchanga maji yakipwa na kupakuliwa kwa raha, lakini meli ya moshi haisogei. Dar es Salaam ilikuwa na bandari yenye kina.

Mwalimu alichomekea kisa cha Emin Pasha, na nikaona sura zilizokuwa zimeanza kusinzia zikifunguka. Huyu alikuwa daktari Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria, kusini mwa Sudan. Mpelelezi Stanley alimleta Bagamoyo Desemba 1889 baada ya safari ndefu na ya mauti ya kuvuka bara. Wajerumani wakaandaa karamu. Usiku ule ule Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka ghorofani mpaka barabarani, akalazwa wiki kadhaa. Amevuka misitu na njaa na vita, akaangushwa na karamu. "Ndiyo maana nawaambia chakula cha usiku mle mapema," mwalimu alimalizia.

Ufukweni soko la samaki lilikuwa limechangamka. Ngalawa na mashua zilikuwa zimeingia, mnada unaendelea, na mafuta yamekwisha chemka kwenye makarai ya akina mama wakaangaji. Skauti walipita mmoja mmoja, skafu shingoni, kila mmoja akitoa shikamoo yake.

"Marahaba, wanangu, marahaba," aliitikia mama mmoja bila kuinua macho kutoka kwenye changu aliyekuwa akimpasua. Kisha akainua. "Mnakwenda vitani?"

"Tunakwenda Kaole, mama."

"Kwa miguu? Na magari yote haya?" Akaguna, akawafungia vipande vya pweza kwenye karatasi, akakataa kupokea hela ya kipande cha mwisho. "Huyo wa mwisho mwembamba. Mpeni yeye."

Skauti mwembamba hakulipenda jina hilo, lakini pweza alimla.

Kutoka hapo njia inaingia ndani ya mji hadi kwenye jengo linaloitwa Karavanserai, ambako misafara ya bara ilikuwa ikifikia. Kwa macho ni mahali pa kawaida: ua mpana, vyumba pembeni, nyumba katikati yenye makumbusho madogo. Vikundi vingi hukaa hapo dakika kumi na kuondoka. Mwalimu wetu aliwakalisha chini kivulini, nami nilifurahi, kwa kuwa kwangu mimi hapa ndipo moyo wa Bagamoyo ulipo.

Historia ya mji huu husimuliwa kana kwamba kila aliyefika hapa kutoka bara alifika na mnyororo shingoni. Waliofika hivyo walikuwepo, na mateso yao hayapunguzwi na lolote nitakalosema. Lakini bandari kuu ya watumwa wa bara ilikuwa Kilwa. Bagamoyo iliishi zaidi kwa pembe za ndovu, na pembe hizo zilibebwa na wapagazi ambao wengi wao walikuwa watu huru, wenye mkataba na ujira. Walilipwa kwa vitambaa: merikani nyeupe, kaniki nyeusi. Walilipwa pia shanga na waya wa shaba. Walijua bei, walijua kugoma, na walijua kumwacha bwana wa msafara porini asipotimiza ahadi. Mbele yao alikwenda kirangozi, mshika njia, amevaa vazi la kung'aa na manyoya kichwani, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita.

Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Kutoka nyumbani kwao Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hadi hapa ni kilomita zipatazo 800, miezi mitatu hivi ya kutembea kama njia ni salama na mvua si nyingi. Kwa vijana wa kiume wa Unyamwezi safari hiyo ilikuwa kipimo cha utu uzima. Ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto, na kutafuta mchumba kulimwia vigumu. Nilipoyasikia hayo nikawatazama wale skauti waliokaa kivulini wakifunga kamba za raba zao. Umri ni ule ule. Bagamoyo imepokea vijana waliotembea kwa zaidi ya karne moja. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wakimaliza safari hapa.

Kisha mwalimu akatoa somo ambalo halimo kwenye mtaala wowote. Kikosi kilikuwa na kiroba cha unga cha kilo 25, kwa ajili ya kambi ya usiku ule. Mpagazi, aliwaambia, alibeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake mkeka wake, sufuria yake na posho yake. Kiroba hiki ni chepesi kuliko mzigo wake. Basi tukibebe kwa zamu hadi Misheni.

Kicheko kilikuwa kikubwa mwanzoni. Mvulana wa kwanza, mcheza mpira mwenye mabega, alikitupia begani akaondoka mbio. Hakufika mbali. Mzigo wa unga una tabia ya kusogea. Ukiinama upande mmoja nao unahamia huko huko, na shingo inaanza kulipa. Akakihamishia kichwani. Hapo akagundua kwamba kichwa kinahitaji kata, akavua skafu akaizungusha kwenye vidole mpaka ikawa kata. Wasichana wawili waliokulia vijijini hawakuhitaji kufundishwa. Wao ndio waliokifikisha mbali zaidi, shingo wima, mkono mmoja tu ukikishika, wakizungumza mambo yao. Bodaboda walikuwa wakipunguza mwendo kuuliza kama kuna msiba. Walipofika langoni kwa Misheni hakuna aliyekuwa akicheka tena, na yule mcheza mpira aliuliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: wapagazi walipotua mzigo usiku, ni nani aliyekuwa na nguvu ya kupika? Jibu ni kwamba walipika wenyewe kwa makundi, kila kundi na chungu chake, na misafara mingi ilikuwa na wanawake na watoto waliotembea njia nzima. Kiroba kiliendelea na safari yake kwa bajaji.

Barabara ya kuingilia Misheni imepandwa miembe pande mbili, na kivuli chake baada ya jua la mjini ni zawadi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakafungua hapa kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kanisa lao la kwanza ni la 1872. Mnara wake ungalipo, na unaitwa Mnara wa Livingstone, ingawa Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiingereza, hakuwahi kuukanyaga akiwa hai.

Alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwenye magome ya mti na turubai, na kuanza kuubeba kuelekea bahari. Walioongoza walikuwa Susi na Chuma. Walitembea zaidi ya kilomita 1,500, kwa miezi tisa hivi, wakipita kwa watu ambao hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, mwili ukalazwa hapa kanisani, kisha manowari ya Kiingereza ikauchukua kwenda Zanzibar. Aprili ulizikwa Westminster Abbey, London. Susi na Chuma hawakuwepo mazishini. Waliopewa mzigo wakaufikisha waliachwa ufukweni, na jina likabaki kwa aliyebebwa. Ningependa siku moja mnara ule uitwe kwa majina yao, au angalau majina yote matatu.

Kuna kitu kingine hapa ambacho vijana hukizunguka muda mrefu kuliko makumbusho. Ni mbuyu mnene uliopandwa na wamisionari, na kwenye shina lake, karibu na ardhi, umetokeza mnyororo mfupi wa chuma. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, alimfunga punda wake kwa mnyororo kwenye mti ule mwishoni mwa karne ya 19, na mnyororo ukaachwa. Mti ukaendelea kunenepa. Sasa umeumeza, na pale chuma kinapoingilia, gome limefanya midomo minene iliyofungwa. Waliovuta kidogo kupima waligundua kwamba hautoki. Bora hivyo. Wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa, na mwongozaji asiye makini huwaacha wadhani.

Baada ya chai ya rangi na mihogo tuligeuka kusini. Kipande hiki kina ngoma: ukipita karibu na TaSUBa, taasisi ya sanaa iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ni bahati mbaya usisikie wanafunzi wakifanya mazoezi. Kikosi kilipita kikicheza, mzigo mgongoni na yote. Baada ya hapo nyumba zinapungua, minazi inaongezeka, na jua linafanya kazi yake. Hiki ndicho kipande ambacho viongozi wengi hukiruka kwa gari. Kwa kweli hakina kivutio, ila ndicho kinachofanya ziara iwe haiki. Wimbo huanza hapa, na hapa hapa anajulikana nani amegawa maji yake na nani ameyaficha.

Upande wa bahari mikoko inaanza kuonekana. Mwalimu aliwashusha hadi ukingoni, maji yakiwa yamekupwa, kuwaonyesha mchu na mizizi yake inayochomoza juu ya tope kupumua, mkandaa wenye nguzo nyembamba zilizonyooka, na mkoko wenyewe uliosimama juu ya miguu yake mingi. Kaa wadogo wenye gando moja jekundu walikimbilia mashimoni kila kivuli kilipowagusa. Aliokota kipande cha boriti iliyooza, akauliza ni wapi wameiona leo. Wakajibu kwa pamoja: ngomeni. Mti uliobeba dari ya Marhabi ulitoka kwenye tope kama hili. Pia akawaonya wasitamani panga. Mikoko ya nchi yetu inalindwa na sheria, na kuikata kunahitaji kibali.

Mikoko hiyo hiyo ndiyo iliyoiua Kaole.

Unafika kwenye magofu na kitu cha kwanza kinachokushangaza ni kwamba bahari haipo. Mji wa bandari, lakini mbele yake ni ukuta wa kijani. Maji ya zamani yalileta tope, tope likaleta mikoko, mikoko ikashika tope zaidi, na majahazi yakashindwa kuingia. Biashara ikahamia Bagamoyo, kilomita tano kaskazini. Hata hivyo Kaole haikuisha mara moja. Wapelelezi Burton na Speke walipoanza safari yao ya kutafuta maziwa makuu, Juni 1857, walianzia hapa Kaole, palipokuwa bado na askari wa Kibaluchi wa Sultani. Miaka mitatu baadaye Speke aliporudi na mwenzake Grant, alianzia Bagamoyo. Ukitaka kujua bandari ilihama lini, uhamisho wake umeandikwa kwenye nyayo za hao wasafiri.

Kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi mengi. Msikiti mkubwa unahesabiwa miongoni mwa misikiti ya kale zaidi ya pwani ya bara, na wataalamu huuweka karne ya 13. Kibla kingali kinasomeka, na ngazi ya mwadhini ingalipo, ingawa haiendi popote sasa. Karibu kuna kisima ambacho maji yake ni matamu licha ya ujirani wa bahari. Wenyeji huyanawa kwa baraka.

Makaburi ndiyo yaliyonishika. Baadhi yana nguzo ndefu za mawe zilizosimama upande wa kichwani, mtindo wa pwani ya Waswahili ambao utauona pia Kenya, Malindi na Gedi. Kwenye nguzo moja tulihesabu mashimo ya duara, moja juu ya jingine. Humo yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Mengine yaliyopatikana yamo kwenye makumbusho madogo pale pale, na rangi yake ya kijani iliyofifia bado inateleza machoni. Skauti mmoja aliingiza ngumi ndani ya shimo kupima bakuli lilikuwa na ukubwa gani, kisha akaiondoa haraka, akakumbuka kuwa yuko juu ya mtu. Akasema, "Samahani, mzee." Hakuna aliyemcheka. Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick alifanya uchunguzi hapa, na kazi ya namna hiyo ndiyo iliyotuwezesha kusema kwa uhakika kwamba watu wa Kaole walikuwa wakifanya biashara na dunia kabla meli yoyote ya Ulaya haijafika bahari hii.

Kuna kaburi la Sharifa ambalo watu huliendea hadi leo na dua zao. Utaona vitambaa, sarafu, harufu ya ubani. Viongozi wawaandae vijana mapema: kofia, kelele na miziki ya simu viishie getini. Upande wa pili kuna mbuyu ambao wenyeji husema una miaka 500, na kwamba ukiuzunguka unaongezewa umri. Kikosi chote kiliuzunguka, na mwalimu naye, nami pia. Hesabu ya umri wetu tutaijua mbele.

Jirani na Kaole, kusini kidogo, ni Mbegani, penye chuo cha uvuvi. Mwaka 2013 serikali ilitia saini mpango wa kujenga hapo bandari kubwa pamoja na kampuni ya Kichina. Mwaka 2019 mpango ukasimamishwa, na mwaka 2021 mazungumzo yakafufuliwa. Kaole ilizibwa na tope, Bagamoyo ikashindwa na kina, na reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914 ikamaliza kazi ya wapagazi. Zamu inayofuata ni ya Mbegani. Wachina ambao mabakuli yao yalipamba makaburi ya Kaole walirudi kuulizia bandari umbali mfupi kutoka pale. Sijui vijana wale waliondoka na nini vichwani mwao, lakini hilo walilijadili njia nzima hadi kambini, wengine wakiwa upande wa bandari, wengine upande wa mikoko.

Kwa wazazi na viongozi wa vikosi: Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri, upepo wa kusi unapoza. Machi hadi Mei ni masika, barabara ni tope na mbu ni wengi. Anzeni ngomeni mapema, kateni tiketi za maeneo yote kwa utaratibu, chukueni mwongozaji wa hapo mjini kwa kuwa ufukwe mtupu si mahali pa kupita bila mwenyeji, na mwulizeni mvuvi yeyote saa za maji kujaa na kupwa kabla hamjashuka kwenye mikoko. Kila mtu awe na maji lita mbili. Kiroba cha unga si lazima, ila nakipendekeza. Na kama shule imewapa basi, msilikatae. Mwambieni dereva atangulie, awasubiri Kaole.